Nimelipia uigizaji, mtoto anafundishwa kuanguka

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi na nauza mitumba soko la Memorial. Ninayekuandikia habari zake ni wa pili, binti wa miaka 10, yuko darasa la nne. Huyu tangu ameanza kuongea ni mtu wa vituko. Mgeni akitoka, hajafika hata getini, yeye ameshamwiga alivyokaa, alivyopuliza chai, alivyoaga na kuaga tena bila kunyanyuka. Shuleni siku ya mahafali ndiye anayepewa shairi. Watu wakawa wananiambia, "Mama K., huyu mpeleke kwenye maigizo, atakuja kukutoa."

Mwaka huu nikasikia kuna kijana anafundisha watoto kuigiza kila Jumamosi kwenye ukumbi mmoja upande wa Majengo, 5,000 kwa siku. Nikampeleka. Nilidhani watamfundisha kushika maneno, kulia, kugombana, haya tunayoyaona kwenye tamthilia. Mwalimu, mtoto karudi na pua nyekundu ya sponji na vumbi mgongoni. Namuuliza mmejifunza nini leo, ananijibu, "Kuanguka." Jumamosi iliyofuata wakajifunza kutembea kama mtu aliyebanwa na viatu. Nyingine wameshinda wanaingia mlangoni mmoja mmoja, mtoto anasimama, anawatazama wenzake, anatoka. Nikamfuata yule kijana kumuuliza, akaniambia kwa heshima zote kwamba yeye huanza na uklauni, yaani uchekeshaji wa pua nyekundu, mambo ya usaili yanakuja baadaye. Elfu tano yangu, mtoto anaingia mlangoni na kutoka!

Baba yake ni mzee wa kanisa usharikani kwetu. Amesema hataki binti yake awe kichekesho cha mtaa. Na kuna jambo limempa nguvu. Jirani yetu mmoja, mtu mzima, anachechemea kwa ajali ya zamani. Jioni moja watoto wamejaa uani, mwanangu akavaa ile pua, akaanza kutembea kama yeye. Uani kicheko kitupu, hata wakubwa. Kugeuka, mzee wa watu amesimama getini na mkate wake mkononi. Hakusema kitu, akapita kwenda kwake. Tangu siku hiyo mume wangu hataki hata kusikia Jumamosi ikitajwa.

La pili ni hili. Kabla ya huyo kijana nilimpeleka binti kwenye usaili wa tamthilia moja Arusha. Nilimwandaa mwenyewe. Maneno aliyashika yote, na mikono anaipeleka panapotakiwa. Niliambiwa wanapenda mtoto anayeweza kulia, basi nikawa namwambia amfikirie bibi yake, mama yangu, tuliyemzika mwaka jana. Walipendana sana. Machozi yalikuwa yanakuja pale pale. Kufika kule akasema maneno yake vizuri tu, wakamwambia, haya, sasa sema hivyo hivyo lakini kama unaficha siri. Akaganda. Akawa ananitazama mimi mlangoni, nami namwonyesha kwa midomo. Wakasema asanteni, tutawapigia. Hawajapiga. Kwenye Coaster alilia kuanzia Usa River mpaka Boma, na safari hii hakuna aliyemwambia alie. Sasa usiku anamtaja bibi yake, kulala peke yake hataki.

La tatu, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi umeletwa usaili mwingine, Arusha hiyo hiyo: watoto wa miaka 6 hadi 12, tamthilia kubwa. Fomu 50,000, unatuma kwa simu kabla, na nafasi zinaisha Ijumaa. Wanataka picha ya uso na picha ya mwili mzima mtoto akiwa na nguo ya kuogelea. Mzazi anasubiri nje ya geti. Dada yangu anasema nikichelewa nitakuja kujuta.

Nimtoe kwa huyu kijana wa pua? Huu usaili nimpeleke? Na baba yake nimwambieje, maana na mtihani wa darasa la nne nao ndio huo unakuja.

Mama K., Pasua, Moshi

JIBU

Marahaba, Mama K., na poleni kwa msiba wa mama.

Naanza na fomu, kwa kuwa Ijumaa haiko mbali. Usitume hela. Na picha ndiyo kabisa usitume.

Usaili ni shida ya yule anayetafuta mwigizaji. Yeye ndiye mwenye bajeti, yeye ndiye anayekodi ukumbi, na wewe unayemleta mtoto ndiye unayemrahisishia kazi. Gharama yako ni nauli na chakula cha njiani, basi. Anayeuza fomu kwa 50,000 ameshafanya biashara yake: watoto 100 wakituma ni milioni tano, na kamera haijawashwa. Hiyo haraka ya Ijumaa imewekwa ili usipate muda wa kuuliza. Kuhusu nguo ya kuogelea, sijui nisemeje bila kutukana. Anayetafuta mwigizaji mtoto anatosheka na picha mbili za simu: uso usio na poda, na mwili mzima amesimama ukutani na nguo zake za kila siku, ili urefu wake uonekane.

Kama bado roho inakuvuta, wapigie. Uliza kampuni inaitwaje, mwongozaji ni nani, kibali cha Bodi ya Filamu wanacho, na binti ataigiza kipande gani. Mwenye kazi halali hujibu bila kununa. Uliza pia wewe utakaa wapi. Mzazi kukaa nje ya chumba cha usaili ni kawaida, tena nitakwambia kwa nini kwa binti yako ni afadhali. Lakini nje ya geti? Hapana. Ukae mahali unapouona ule mlango, na humo ndani mtoto asiachwe na mtu mzima mmoja peke yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyoumiza afya wala shule. Kwa hiyo anayekuja kwa mtoto wa miaka 10 na maneno ya mkataba, mpitishe kwanza kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa manispaa. Na ikiwa kwenye kundi lenu kuna mzazi ameshatuma zile picha, mwambie apige 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

Nadhani hilo la fomu moyoni ulishalijua. Lililonikaa kooni mimi ni la bibi.

Mama K., acha. Usimwambie tena amfikirie bibi yake ili alie, wala mwalimu yeyote asimwambie. Najua hukuwa na nia mbaya, na wanaofanya hivyo huku wanalipwa kwa kazi hiyo ni wengi. Mwaka 1931 huko Marekani palitengenezwa filamu iitwayo Skippy, nyota wake mtoto Jackie Cooper. Ilifika mahali pa kulia, machozi hayaji. Mwongozaji, ambaye alikuwa mume wa dada wa mama yake, akatishia kumpiga risasi mbwa wa mtoto. Mbwa akapelekwa nyuma, mlio wa bunduki ukasikika. Mtoto akalia, wakapiga picha yao. Mbwa alikuwa mzima, lakini hata alipoonyeshwa, mtoto hakuweza kunyamaza. Filamu ilisifiwa, mtoto akapendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Cooper alipokuja kuandika maisha yake akiwa mtu mzima, mwaka 1981, kisa hicho alikiweka hadi kwenye jalada la kitabu.

Binti yako alikuwa na huzuni yake ya kawaida, ambayo ingepungua polepole kama huzuni zote za watoto. Wewe ukawa unaiamsha kila jioni, halafu unaiambia ilale. Ndiyo sababu sasa inaamka yenyewe saa ambazo hukuiita. Kaa naye siku ambayo hakuna mazoezi, mtoe bibi kwenye maigizo. Pikeni chakula alichokipenda bibi, angalieni picha, mwache aseme anachotaka kusema. Mwambie wazi: bibi hatumtumii kazini. Ikipita miezi na bado halali, mpeleke hospitali, waombe mtu wa ushauri nasaha.

Na kulia kwenye maigizo anaweza kujifunza bila msiba. Watazame watu wanaolia kweli. Hakuna anayejitahidi kulia, wanajitahidi kuzuia. Mtu anameza mate, anatazama juu, anajishughulisha na kifungo cha shati, anaanza kuzungumzia jambo lingine na sauti inakatika njiani. Mfundishe binti huko kuzuia. Amwambie mwenzake "Mimi niko sawa" huku pumzi inamgomea. Chozi likija, lije. Lisipokuja, anayemtazama atalia kwa niaba yake, na wakilihitaji sana kwenye kamera kuna matone ya gliserini.

Sasa tuje kwa kijana wa pua. Mimi namuunga mkono, kwa sharti moja nitakalolitaja.

Hajabuni kitu kigeni katika ufundishaji wa maigizo. Mfaransa Jacques Lecoq alifungua shule yake Paris mwaka 1956, na sehemu kubwa ya uklauni unaofundishwa leo kwa waigizaji imepitia kwake au kwa wanafunzi wake. Alisimulia mwenyewe kwamba aliwahi kuwaambia wanafunzi waingie katikati mmoja mmoja, wawachekeshe wenzao. Kila mmoja akaja na mbwembwe zake, huyu anaruka, huyu anakunja uso. Ukimya. Wakakata tamaa, wakarudi kukaa na aibu zao, na hapo ndipo darasa likaangua kicheko. Mbwembwe zilikuwa zimekwisha na mtu mwenyewe ameonekana. Ile pua nyekundu Lecoq aliiita barakoa ndogo kuliko zote duniani.

Ukielewa hapo utaelewa kwa nini binti yako aliganda Arusha. Hakukosa maneno. Aliyajua kupita kiasi. Wewe na mimi tunalijua shairi la mahafali lilivyo: mkono juu kwenye "taifa letu", mkono kifuani kwenye "wazazi wetu", sauti inapanda na kushuka mahali pale pale kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na wageni waalikwa wanapiga makofi. Kwenye uwanja wa shule, chini ya maturubai, linafaa, maana sauti lazima imfikie hata mpishi aliyeko kwenye pilau. Kamera iko hatua mbili kutoka usoni. Inaona ukikumbuka. Inaona unapousubiri mkono ufike mahali pake. Na wale wasaili waliposema "sasa sema kama unaficha siri", hawakuwa wanamtega. Hapo ndipo usaili ulipoanza. Mara ya kwanza mtoto anaachwa asafishe koo. Mara ya pili anapewa geuzo dogo waone kama anasikia, kama anabadilika, kama wanaweza kufanya naye kazi siku nzima ya kupiga picha bila mama yake kumwekea maneno mdomoni. Binti alikuwa na namna moja tu ya kuyasema, namna yako, na ilipokataliwa akageuka kukutafuta wewe. Hii ndiyo sababu nasema ukae nje, penye mlango unaouona na yeye asikuone.

Zoezi la mlango unaloliona ni elfu tano iliyopotea, lijaribu wewe leo usiku. Toka sebuleni, ingia, simama. Mtazame kila aliyepo, mmoja mmoja, mpaka macho yakutane. Usiseme kitu, usitabasamu ili wakupende. Vuta pumzi taratibu, kisha toka. Utaiona mikono yako inatafuta kanga ya kukunja, utasikia mdomo unataka kusema "haya basi". Mtoto anayeweza kusimama hapo akaonekana bila kukimbilia kufanya jambo, chumba cha usaili hakimtishi. Ameshakaa mbele ya kimya, na anajua kimya hakiui.

Mazoezi mengine mnaweza kuyafanya nyumbani. Mpe sweta lile la baridi ya Julai, aliingie vibaya, kichwa kwenye mkono. Mwambie asichekeshe. Ahangaike kweli kutoka, kwa akili zake zote, na kila anapogundua jambo jipya (mkono umetokea shingoni, lo!) asimame awatazame mlioko pale, mjue amegundua, kisha aendelee. Huko kutazama ndiyo kazi yenyewe. Klauni hafichi wazo. Likimjia kichwani limeshafika machoni, na mwigizaji wa kamera naye anaishi kwa hilo hilo. Ukitaka la maneno, chukua sentensi ya kawaida, "Mama, maziwa yamemwagika." Aiseme kama ndiye aliyeyamwaga. Aiseme kama aliyamwaga mdogo wake naye amefurahi. Aiseme kama ana njaa. Wewe usimwonyeshe hata moja. Akikuuliza "Hivi ndivyo?" mjibu "Sijui, fanya nyingine."

Kuanguka nako ni ufundi. Kunaanza magotini: unakunja, unashuka chini kabla hujadondoka, unatua kitako, mgongo wa mviringo, kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, na mikono huitangulizi kamwe kwa sababu vifundo ndivyo vinavyovunjika. Mtoto anayejua kuanguka vizuri anaumia kidogo hata uwanjani. Ila hilo vumbi la mgongoni limenitia wasiwasi. Ukumbi una magodoro, au wanatua kwenye saruji? Uliza Jumamosi hii. Kama ni saruji, bora waangukie nyasi mpaka magodoro yapatikane.

Halafu kuna kukosea, ambako shule zetu hazikufundishi. Zipo darasa za maigizo ambako mtoto akikosea ananyanyua mikono juu na kutangaza "Nimekosea!" kwa furaha, na wenzake wanampigia makofi. Wazazi wengi wakiona hivyo wanadhani watoto wanafundishwa uzembe. Lakini mwigizaji atakataliwa mara nyingi kuliko atakavyokubaliwa, na sababu zenyewe mara nyingi hazimhusu: amemzidi urefu aliyepewa nafasi ya kaka yake, hafanani na mama wa kwenye hadithi, wanataka pengo la meno naye meno yameshaota. Usimwambie "umefeli". Mtihani wa darasa la nne una majibu sahihi, usaili hauna. Na mkiwa kwenye Coaster usimuulize walisema nini. Muulize kipi kilimchekesha mle ndani.

Sharti langu ni la jirani yenu.

Kuiga mwendo wa mtu ni kipaji, sikatai, na binti anacho. Lakini alichokifanya uani hakikuwa uklauni hata kama alivaa pua. Klauni anachekwa kwa shida yake mwenyewe: sweta lake, viatu vyake vinavyombana, woga wake. Uani siku ile aliyelipia kicheko ni mtu aliyekuwa anarudi kwake na mkate, ambaye hakuombwa. Mpeleke kwake, bila pua, bila zawadi ya kufunika aibu. Aseme yeye mwenyewe, kwa maneno machache: "Shikamoo babu, nilikuiga unavyotembea, samahani." Halafu abaki pale asikie atakachoambiwa, hata kama ni kimya. Usimsemee. Umeandika kwamba hata wakubwa walicheka. Kama nawe ulikuwa miongoni mwao, basi mko wawili wa kuomba radhi siku hiyo.

Na yule kijana mwambie aweke sheria mbele ya watoto wote: ulemavu, ugonjwa na umaskini wa mtu haviigwi. Waige kuku anayevuka Double Road. Waige konda wa Hiace anayesema nafasi moja ipo na watu wamesimama. Waige walimu wao, pia yeye mwenyewe. Asipokubali sharti hili, basi mtoe huko, na ujuzi wote wa Paris usikubakize.

Mzee wa kanisa ana hoja, Mama K., na ukienda kumwambia "Mwalimu amesema uko nyuma ya wakati" sijasema hivyo. Anaogopa heshima ya mtoto. Mkubalie hilo la jirani kwanza kabla hujatetea lolote. Kisha mkumbushe mambo anayoyajua kuliko mimi. Kama ni Mchagga, ana watani wake Wapare, na bila shaka wamemtania akawarudishia maradufu. Sehemu nyingi za nchi hii mtani anakuja msibani, anavaa nguo za marehemu, anatembea na kuongea kama yeye, wafiwa wanacheka katikati ya machozi, na hakuna anayesema marehemu amedharauliwa. Kwa sababu utani una mipaka: nani, kwa nani, lini. Hicho ndicho anachotaka kwa binti yake, mipaka, na ni haki yake kukidai. Halafu mtajie King Majuto wa Tanga. Watu walimcheka miaka na miaka, na alipofariki Agosti 2018 nchi iliomboleza mtu mzima aliyeheshimika.

Kuna neno moja ningependa nyote wawili mliondoe nyumbani, lile la "atakuja kukutoa". Wanaolisema wanakutakia mema, ila mtoto akilisikia anajua kwamba akigandishwa na wasaili amewaangusha watu wote wa nyumbani. Jackie mwingine wa Marekani, huyu Jackie Coogan, aliigiza na Charlie Chaplin katika The Kid mwaka 1921 akiwa mtoto mdogo, akapata mamilioni ya dola. Alipokuwa mkubwa akakuta mama yake na baba wa kambo wameshayatumia karibu yote. Akawashtaki mwaka 1938, na mwaka uliofuata jimbo la California likatunga sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji. Siku binti akilipwa, hata 20,000 ya tangazo la redio, ifungulie akaunti ya mtoto benki, na yeye aone kitabu chake.

Mtihani usikuumize kichwa. Ukikaribia, apumzike Jumamosi mbili tatu, kijana atamwelewa.

Na baba yake mpe kazi. Usaili mwingine ukija, wa kweli, binti atapewa maneno yenye watu wawili, na atahitaji mtu wa kumsomea upande wa pili jioni. Mpe yeye. Asome kwa sauti yake ya kawaida ya kusoma matangazo usharikani, polepole, bila kuigiza hata kidogo, ili mtoto apate mtu wa kumtazama na kumjibu. Akianza kunogewa na kubadilisha sauti, binti anaruhusiwa kumwambia, "Baba, kata, tunarudia."